Shujaa Asiyeruhusiwa Kukua

Peter Parker, yaani Spider-Man, alianza kuonekana katika katuni za Marekani mwaka 1962 akiwa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1987 alifunga ndoa na Mary Jane. Mwaka 2007 kampuni ya Marvel iliifuta ndoa hiyo: katika hadithi, wawili hao wanamwachia pepo mwovu Mephisto ndoa yao ili kuokoa maisha ya May, aliyemlea Peter. Wahariri waliona kwamba ndoa inamzeesha shujaa.

Kwa maoni yangu, hapo walitufundisha jambo bila kukusudia. Ukitaka mtu asikue, mwondolee ahadi zake.

Mwaka huohuo Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe Salvi, alifafanua kwamba kuishi tu bila kikomo ni mzigo. Uzima wa milele ni utimilifu, si wingi wa siku.

Ndugu zangu mafrateri na vijana wa parokia, kupambanua wito kunahitaji muda. Lakini tunapoahirisha ndoa, nadhiri au daraja mwaka baada ya mwaka ili “tubaki huru”, tujiulize: je, tunasubiri sauti ya Mungu, au tunaogopa kukua? Ahadi hutuzeesha, ni kweli. Ndizo pia hutukomaza.