Orodha ya Maneno Haitoshi: Kiswahili Mbele ya Baridi na Sumaku

Katika kitivo chetu, mazungumzo juu ya Kiswahili na sayansi huishia kwenye orodha. Mwanafunzi anachukua maneno mia mbili ya Kifaransa, anayatafutia maneno mia mbili ya Kiswahili, anayapanga kwa alfabeti, na kazi yake ya mwisho imekamilika. Mimi naona orodha hizo hazitoshi, na mara nyingine zinatupoteza. Istilahi nzuri huzaliwa na maelezo mazuri. Maelezo hayazaliwi na istilahi. Ili nisionekane nachagua mfano rahisi, nachukua mgumu: vifaa vya elektroniki vinavyotakiwa kufanya kazi katika baridi kali mno, tena ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu.

Kwanza tujue kwa nini mtu anahitaji kifaa cha namna hiyo. Sumaku nyingi kubwa za leo hutegemea baridi. Ndani ya mashine ya MRI ya hospitali mna koili ya waya wa niobiumu na titaniumu iliyopozwa kwa heliumu ya kimiminika, kwenye nyuzi −269 hivi. Katika baridi hiyo waya hauna ukinzani, na mkondo unazunguka bila kupotea. Uga wake huwa wa tesla 1,5 au 3. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, sumaku ya jaribio la CMS ina uga wa tesla 3,8, karibu mara laki moja ya uga wa dunia unaogeuza sindano ya dira. Nchini Marekani jaribio la ADMX linatafuta chembe iitwayo aksioni kwa sumaku ya karibu tesla 8. Ishara inayosubiriwa ni dhaifu mno, hivyo kikuza-ishara cha kwanza lazima kiwe kwenye baridi, karibu na mahali ishara inapotoka. Joto lenyewe hutoa kelele ya umeme, na kelele hiyo ingeizamisha ishara.

Sasa tutazame baridi inafanya nini. Shaba ikipozwa hupitisha umeme vizuri zaidi. Silikoni safi ikipozwa hupitisha vibaya zaidi, hadi iwe kama kihami. Hapo neno letu «nusu-kipitishi» linaanza kuyumba. Mwanafunzi akilisoma katika orodha ataelewa kwamba silikoni hupitisha umeme nusu ya shaba, na hilo si kweli hata kidogo. Sifa ya silikoni ni kwamba upitishaji wake unatawalika: kwa joto, kwa mwanga, kwa vichanganyiko vichache, kwa volti. Sipendekezi neno lifutwe, maana Kifaransa nacho kina «nusu» hiyo hiyo. Ninachosema ni kwamba neno hilo bila sentensi moja ya maelezo ni mtego.

Mtego wa pili uko kwenye kitenzi «kuganda». Mafundi wa Kifaransa husema wabebaji wa umeme «huganda» silikoni inapopozwa sana. Tukitafsiri hivyo, msomaji ataona barafu. Lakini hakuna kilichoganda. Atomu za kichanganyiko hukopesha elektroni zake pale tu joto linapotosha kuzing'oa. Joto likipungua, kila elektroni hubaki imeshikwa na atomu yake. Basi tuseme elektroni «zimenaswa». Mara moja msomaji ataelewa jambo ambalo orodha isingemwambia: ukipata njia nyingine ya kuleta elektroni huru, kifaa kitafanya kazi. Ndivyo ilivyo. Transista ya aina ya MOS huita elektroni kwa volti ya lango lake, kwa hiyo hufanya kazi hata kwenye kelvini 4, ingawa inadai volti kubwa zaidi ili ifunguke. Transista ya kawaida ya silikoni yenye tabaka tatu hupoteza ukuzaji wake katika baridi, lakini ile iliyotiwa jermaniumu kwenye tabaka la kati huendelea vizuri. Nayo transista ya galiumu na aseniki, ambayo elektroni zake hukimbia katika tabaka lililotengwa na atomu zilizozitoa, haina tatizo la kunaswa.

Ukisikia hayo utadhani hiyo ya mwisho ndiyo bora kuliko zote. Hapo ndipo sumaku inapoingia. Uga wa sumaku husukuma elektroni upande, ukipinda njia yake. Elektroni ikiwa nzito wa mwendo, inagongana na kupoteza mwelekeo kabla haijapinda sana. Ikiwa nyepesi, inapinda mbali kabla ya kugonga chochote, na ukinzani unaongezeka. Hesabu ni fupi: zidisha wepesi wa elektroni kwa nguvu ya uga. Katika joto la kawaida wepesi huo ni takriban 0,14 ndani ya silikoni na 0,85 ndani ya galiumu na aseniki, kwa mita mraba kwa kila volti na sekunde. Katika uga wa tesla 3,8 tunapata kama 0,5 kwa ya kwanza na zaidi ya 3 kwa ya pili. Jibu likiwa chini sana ya 1, sumaku haisumbui; likipita 1, inasumbua kweli. Na baridi huongeza wepesi wa transista hii maradufu na zaidi. Kile kilichoifanya ishinde baridi ndicho kinachoifanya ishindwe mbele ya sumaku.

Hapo mbunifu ana njia tatu. Anaweza kuchagua silikoni, yenye elektroni nzito zaidi. Anaweza kukihamisha kikuza-ishara hadi pembeni, ambako koili nyingine inaufuta uga. ADMX hufanya hivyo kwa vikuza-ishara vyake vya waya usio na ukinzani, kwa kuwa hivyo havivumilii uga hata mdogo. Au anaweza kuigeuza transista, mkondo wake uende sambamba na uga badala ya kukingamana nao. Vipimo vya vikuza-ishara hivyo vimeonyesha kwamba kelele hupanda au hukaa chini kulingana na jinsi kilivyoelekezwa. Natamani wenzangu wa isimu waangalie maneno haya mawili, «sambamba» na «kukingamana». Hatukuyakopa popote. Gogo lililokingama njiani kila mtu analijua. Fundi akiambiwa hivyo atajua namna ya kuiweka transista.

Kiswahili kinatusaidia pia kwenye chuma. Transfoma na koili nyingi huwa na kiini cha chuma au cha feriti. Feriti haifiki hata tesla 1 kabla ya kushiba, na chuma hushiba kwenye tesla 2 hivi. Kitu kilichoshiba hakipokei tena, na kiini kilichoshiba hakina faida. Ndiyo maana CERN ilibuni vigeuza-volti vyenye koili zisizo na kiini, hewa tupu katikati, vinavyovumilia uga wa tesla 4. Pia relei hukwama, na vipande vilivyopakwa nikeli huvutwa na sumaku. Kapasita zenye kimiminika huganda, na hapa kuganda ni kuganda kwa kweli. Ndipo hutumiwa aina nyingine, pamoja na zile kavu za tantalumu.

Nimetaja jermaniumu na tantalumu. Msomaji wa Katanga na wa Kivu hahitaji kuambiwa zinatoka wapi. Mgodi wa Kipushi ulitoa jermaniumu tangu enzi za ukoloni, na kilima cha mabaki ya uyeyushaji kilichopo katikati ya Lubumbashi bado kinayo. Mwaka 2024 shehena ya kwanza ya makinikia yake ilipelekwa Ubelgiji. Koltani ya Kivu ndiyo madini ya tantalumu. Hilo ndilo linaloniuma. Tuna maneno ya kuchimba, ya kupakia, ya kupima na ya kuuza. Kitu hicho kinafanya kazi gani baada ya kuvuka mpaka, kwa lugha ya mchimbaji, hatuna hata ukurasa mmoja.

Najua pingamizi. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba mhandisi wetu atasoma kwa Kifaransa na kuandika kwa Kiingereza, basi Kiswahili cha nini? Wengine wanasema inatosha kukopa: transista, elektroni, kelvini. Kukopa jina sikatai, nimekopa mengi katika makala hii. Lakini jina hukopwa, maelezo hayakopeki. Maelezo ni vitenzi, ni «kunasa», «kupinda», «kushiba», «kukingama», na hivyo tunavyo nyumbani. Na kuhusu mhandisi, mimi simfikirii yeye peke yake. Nafikiria fundi anayemsaidia, mwalimu wa sekondari, na ndugu zake watakaomuuliza siku zote anafanya kazi gani.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja kwa kitivo. Kazi ya mwisho ya istilahi isipokewe kama ni orodha tupu. Mwanafunzi wa lugha akae na mwanafunzi wa fizikia au wa politekniki, waandike pamoja kurasa tano zinazoeleza kifaa kimoja kinavyofanya kazi, na maneno yao wayatoe humo. Kisha kuwe na mtihani rahisi: mtu wa tatu apewe kurasa hizo bila Kifaransa chochote, aambiwe achore transista ndani ya sumaku, mkondo ukielekea upande unaofaa. Akichora sawa, istilahi zimefaulu. Akikosea, waandishi warudi mezani, hata kama kila neno lao limo kwenye kamusi.