Damu Haingoji Mashauri

Ajali itokeapo barabarani au kiwandani, wa kwanza kufika si daktari. Wa kwanza ni sisi: mfanyakazi mwenzake, mpita njia, dereva wa pikipiki, mama muuza vitumbua. Basi uhai wa majeruhi huwa mikononi mwa watu wasiopata kufundishwa kupima jeraha, nao hulipima kwa jicho na kwa sikio.

Kipimo hicho chatudanganya. Watu humkimbilia anayepiga kelele na yule aliyejaa damu usoni. Lakini ngozi ya kichwa ina mishipa mingi. Mpasuko mdogo huweza kutapakaza damu uso mzima, na mara nyingi damu hiyo hukoma ikikandamizwa. Kando yake ameketi mwingine mwenye suruali nzito nyeusi, hasemi kitu. Watu husema, "Huyu hajambo." Kumbe mshipa mkubwa wa paja umekatika, nguo yainyonya damu, mchanga waimeza. Huyo aweza kufa katika dakika chache, tena kimya kimya.

Tusione haya kukosea, kwani hata waliosomea uganga hukosea wakikadiria damu kwa kuitazama tu: iliyo kidogo huonekana nyingi, na iliyo nyingi huonekana kidogo. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Akipoteza lita 2 yu karibu na mauti. Lakini si kazi yetu kuhesabu lita. Kazi yetu ni kuuliza: Je, damu yaruka, au yatiririka bila kukoma? Je, imelowanisha nguo, au imefanya dimbwi? Je, majeruhi atoka jasho la baridi, midomo na viganja vimepauka, maneno yake yamevurugika? Jibu moja la ndiyo latosha kumshughulikia kwanza.

Hapo mashauri yakome. Mmoja aite msaada. Mwingine aweke kitambaa safi juu ya jeraha na kukandamiza kwa mikono miwili, kwa nguvu, asifunue kutazama mpaka msaada ufike. Ajikinge mikono kwa glavu ikiwa zipo. Chuma kilichozama mwilini kisichomolewe. Mafuta ya taa na udongo si dawa.

Marekani, nchi yenye magari mengi ya wagonjwa, ilianzisha mwaka 2015 kampeni ya kuwafundisha raia wa kawaida kuzuia damu, kwa kuwa gari laweza kuchelewa ilhali damu haichelewi. Ikiwa wao wameona haja hiyo, sisi ambao majeruhi wetu wengi hufikishwa hospitali kwa teksi na bajaji twangoja nini?

Twawaambia waajiri waziwazi: sanduku la huduma ya kwanza lenye kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa meneja, ni pambo la ukutani. Lifunguliwe, na wafanyakazi wa kila zamu wafundishwe. Na kila tawi la chama limwalike muuguzi, litenge saa moja ya mkutano wake kwa jambo hili. Saa moja si gharama.

Ndugu wananchi, kusimama na kusikitika hakujaziba mshipa wa mtu. Anayesaidia ni yule aliyejua pa kutazama, kisha akaweka mkono.