Mikrobe za Ziwa Letu Zinatufanyia Kazi



Tukisikia neno «mikrobe», sisi wote tunafikiri kipindupindu na kunawa mikono. Ni vizuri kunawa mikono. Lakini kuna mikrobe zingine ambazo tunapashwa kuziheshimu, tena ziko karibu na sisi, ndani ya Ziwa Kivu.

Munajua ya kama chini ya ziwa hili kuna gazi. Wataalamu wanahesabu karibu kilometa za ujazo 60 za metane na 300 za gazi ya kaboni. Wengi wanasema yote inatoka katika volkano. Sivyo. Gazi ya kaboni ndiyo inatoka sana upande wa volkano. Metane, sehemu yake kubwa, inatengenezwa na mikrobe kule chini mahali hakuna oksijeni.

Metane hiyo inapanda polepole. Ikifika hewani ni mbaya: katika miaka 100, kilo moja ya metane inapasha dunia joto kushinda kilo 25 za gazi ya kaboni. Lakini ni kidogo sana inayotoka juu ya maji. Sababu gani? Kwenye metre karibu 60, pale oksijeni ya juu inakutana na gazi ya chini, mikrobe zingine zinaingojea na kuila. Ndiyo chakula chao. Kisha wao wenyewe wanaliwa na vidudu vingine vya majini.

Lakini tusijidanganye. Zinaweza kula ile inayokuja polepole. Gazi ikilipuka mara moja hazitaweza kitu. Huko Kameruni, mwaka wa 1986, gazi ya kaboni ilitoka kwa gafula katika ziwa Nyos, watu zaidi ya 1.700 wakafa.

Kwa hiyo namna ya kutoa gazi ni jambo letu sote. Rwanda wanatengeneza umeme wa megawati 26 kule Karongi. Serikali yetu nayo iliweka vitalu 3 vya gazi ya ziwa hili mnadani katika Julai 2022. Wengine watasema: «Umeme unakatika kila siku, miti inaisha kwa makala, na wewe unatuletea habari ya mikrobe!» Mimi sikatai umeme. Ninasema tu: maji yakiisha kutolewa gazi, yarudishwe chini sana. Yakimwagwa juu, yatapandisha chumvi na mbolea, majani ya maji yataongezeka na kuoza, oksijeni itapunguka. Hapo mikrobe hizo zitakosa, na sambaza zetu vilevile.

Nani atachunga hayo? Wageni watapima na kurudi kwao. Wa biolojia-kemia, tusisome kwa Egzame ya Serikali tu! Waalimu, mutuonyeshe somo hili kwa ziwa letu lenyewe. Mwenye nyumba ndiye anajua pahali inavuja.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita