Kiumbe Aliyenyang'anywa Ulimi

Wapo wenzetu katika kazi hii ya ualimu ambao, wakimwona mwanafunzi ameficha kitabu cha katuni chini ya dawati, humnyang'anya wakakifungia kabatini, na kudhani kwamba wameiokoa lugha. Wapo na wengine, hasa vijana waliotoka vyuoni karibuni, wasemao kwamba mtoto na asome chochote, maadamu anasoma. Sisi hatukubaliani na hao wa kwanza wala na hawa wa pili. Tunakusudia kueleza sababu zetu kwa mfano mmoja, ambao karibu kila mwanafunzi wa sekondari anaujua kwa sura, na ni wachache mno wanaoujua kwa maneno: yule aitwaye zimwi la Frankenstein.

Mwambie mwanafunzi akuchoree Frankenstein. Atakuchorea jitu lenye kichwa bapa, parafujo mbili shingoni, mikono imenyooshwa mbele, na kinywani hamna neno ila mngurumo. Katika mchoro huo mna makosa matatu. Kosa la kwanza, Frankenstein si jina la aliyeumbwa. Ni jina la mwumbaji wake, Victor Frankenstein, na aliyeumbwa hakupewa jina na mtu yeyote. Kosa la pili, kichwa bapa na parafujo havimo kitabuni. Vilitoka katika filamu ya Marekani ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, ambamo Boris Karloff aligeuzwa sura kwa ustadi wa Jack Pierce. Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: kiumbe yule hakuwa bubu.

Mary Shelley alianza kukiandika kisa hiki mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva, hali umri wake ni miaka 18. Kitabu kilitoka London mwaka 1818 bila jina la mwandishi. Katikati ya kitabu hicho anamwachia kiumbe mwenyewe asimulie habari zake, sura sita mfululizo. Na sehemu kubwa ya masimulizi yake ni nini? Ni jinsi alivyojifunza lugha.

Baada ya kukimbiwa na mwumbaji wake, anajibanza katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya familia maskini ya Kifaransa iliyo uhamishoni Ujerumani. Ukutani mna ufa mdogo. Kwa ufa huo anaona na kusikia. Kwanza anatambua kwamba sauti zitokazo vinywani mwa wale watu huleta furaha au huzuni katika nyuso zao. Kisha anayashika majina ya vitu vya karibu, kama vile moto, maziwa, mkate na kuni. Kisha anashika majina ya watu. Kisha anasikia maneno yasiyo na kitu cha kuonyeshwa kwa kidole, kama wema na masikitiko, asijue ayatumieje. Majira ya baridi yakiisha, anafika nyumbani humo Safie, binti mgeni asiyeijua lugha ya wenyeji wake. Felix, kijana wa nyumba, anamfundisha kwa kumsomea kitabu, na yule aliye nyuma ya ukuta anajifunza pamoja naye hata kusoma. Siku moja anaokota mkoba msituni, ndani yake mna vitabu vitatu, kimojawapo utenzi mkuu wa Milton juu ya kuanguka kwa mwanadamu. Anavisoma vyote, na kwa kuvisoma anaanza kujiuliza yeye ni nani na ametoka wapi.

Mwalimu wa lugha asomaye sura hizo ataitambua kazi yake mwenyewe. Ule ndio utaratibu tunaoujua darasani: kusikiliza kabla ya kusema, kitu kabla ya wazo, sauti kabla ya herufi. Tena ataona jambo zito zaidi. Kiumbe yule alitaka lugha kwa sababu aliamini kwamba watu wakimsikia watamsamehe sura yake. Akaenda kwanza kwa mzee kipofu wa nyumba ile, akaongea naye, na mzee akamjibu kwa upole. Wenye macho waliporejea, Felix alimpiga kwa fimbo. Hapo ndipo ulipo msiba wa kitabu: mwenye kusikia alimpokea, na wenye kuona wakamfukuza.

Sasa tazama walivyofanya watu wa picha. Katika filamu ile ya 1931 hasemi neno. Mwaka 1940 mchoraji Dick Briefer alimwingiza katika gazeti la katuni la Prize Comics, akamtembeza New York. Kuanzia mwaka 1945 akamgeuza kichekesho, na mwaka 1952 akamrudisha kuwa kitisho. Mwaka 1973 kampuni ya Marvel ilitoa mfululizo ulioandikwa na Gary Friedrich na kuchorwa na Mike Ploog. Ulianza vizuri, kwa kukifuata kisa cha Mary Shelley, na kiumbe akasema. Haukufika mbali. Wakampambanisha na Dracula, na katika pambano hilo koo lake likaharibiwa, akawa bubu. Kampuni ya DC nayo, mwaka 2011, ilimfanya askari wa shirika la siri lipambanalo na majitu mengine. Huyo alirudishiwa ulimi, lakini akapewa na silaha, na yale maswali mazito aliyomwuliza mwumbaji wake yakazimwa na kelele za vita.

Wenzetu watetezi wa katuni watasema: katuni ni sanaa ya picha, haina nafasi ya hotuba ndefu. Hoja hii haisimami. Desemba 1945 mfululizo wa Classic Comics ulikitoa kisa hiki kwa katuni, na kiumbe akapewa nafasi ya kujieleza. Mwaka 1983 Bernie Wrightson alitoa maneno ya Mary Shelley yenyewe pamoja na michoro yake ya wino, na katika michoro ile uso wa kiumbe una huzuni na fikira. Na kwetu Afrika Mashariki, Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, alionyesha kwamba mhusika wa katuni aweza kuwa mjinga na bado akawa msemaji. Basi kumnyamazisha kiumbe ni uamuzi wa mtu, wala hakulazimishwi na umbo la sanaa. Jitu lililo bubu huuzika kwa urahisi, kwa kuwa halimdai msomaji jibu.

Nao wenzetu wa kufungia kabatini tunawajibu kwa historia. Mwaka 1954, baada ya malalamiko makubwa juu ya katuni za kutisha, wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni iliyokataza maiti watembeao, wanyonya damu na watu wageukao mbwa-mwitu. Je, watoto waliacha katuni wakakimbilia vitabu vya Mary Shelley? Hasha. Mwaka 1971 kanuni ililegezwa, na majitu yakaruhusiwa kwa sharti kwamba yafuate mapokeo ya vitabu kama Frankenstein na Dracula. Yaani yalirudi kwa kulitumia jina la fasihi, na muda si muda fasihi ikakatwa ulimi. Marufuku haikumfundisha mtu kusoma.

Yaweza kuulizwa: haya yanatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Yanatuhusu kwa mambo mawili.

Jambo la kwanza ni sarufi. Mwenye kukieleza kisa hiki kwa Kiswahili lazima achague neno, na akichagua neno amekwisha kutoa hukumu. Akisema dude au jitu, basi lilisimama, likatazama, likaua. Akisema kiumbe, basi alisimama, akatazama, akalia. Upatanisho wa sentensi ndio umtiao aliyeumbwa katika hesabu ya wenye roho au umtoao humo. Tena neno kiumbe lina mzizi mmoja na kuumba na mwumbaji. Kulitamka tu ni kumkumbusha aliyeumba kwamba ana deni. Hata zimwi la hadithi zetu si bubu. Lile limfungialo binti ngomani hubembeleza, huongopa, huomba chakula. Wazee wetu walijua kwamba zimwi lisilosema halina hadithi, nao ndio walioacha methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kujuana huja kwa kusemezana.

Jambo la pili latugusa zaidi sisi tunaofundisha nje ya mwambao, katika Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Wengi wa wanafunzi wetu hawakukinyonya Kiswahili kwa mama zao. Wamekipata kwa ufa ukutani: redioni, sokoni, garini, kwa jirani. Nao wanaijua ile kejeli ya siku nyingi isemayo kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikafia Kenya na kuzikwa Uganda. Wanamjua na yule mhusika wa vichekesho na vibonzo, mtu wa bara au mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, ambaye kila afunguapo kinywa ngeli humwanguka, na kicheko chote ni hicho. Hatukatazi utani, utani ni afya. Lakini mwanafunzi anayechekwa kila asemapo hujifunza kunyamaza, na anayenyamaza huchukuliwa kuwa hana la kusema. Hivyo ndivyo mtu anavyogeuzwa jitu. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua hiyo hiyo. Hao waliozikiwa lugha kwao wanaisema. Lililobaki ni kuwasikiliza.

Najua itasemwa, na sisi twasema pamoja: kiumbe yule aliua. Alimwua mtoto asiye na hatia, akamwua rafiki wa mwumbaji wake, akamwua bibi arusi usiku wa harusi. Hatumtakasi. Lakini msomaji wa kitabu aweza kumhukumu kwa haki, kwa kuwa amekwisha kumsikia. Msomaji wa jitu bubu hana la kuhukumu. Anaogopa tu, au anacheka tu. Tofauti hiyo ndiyo tunayopaswa kuifundisha.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Katuni na iingie darasani, mchana kweupe, juu ya meza ya mwalimu. Wanafunzi wapewe picha ya kiumbe aliyenyamaza, nao wamwandikie maneno katika lile duara litokalo kinywani, kwa Kiswahili walicho nacho. Kisha mwalimu awasimulie au awasomee kwa tafsiri kisa cha nyumba ile yenye ufa, nao walinganishe. Kisha wabishane: je, ni dude hili au ni kiumbe huyu, na kwa nini? Katika somo moja watakuwa wamefanya insha, ufahamu na ngeli, na pia wamejifunza kwamba sarufi ina dhamana.

Na siku hiyo yule mwanafunzi wa nyuma kabisa, ambaye hajawahi kuinua mkono kwa kuogopa kuchekwa, akiinua mkono na kusema kwa ngeli zilizopinda, mwalimu asikimbilie kusahihisha. Na amsikilize kwanza hadi mwisho wa sentensi yake.