Hatuombi Zawadi, Tunadai Daftari



Kila msimu wa mvua vikundi vya mitaa yetu hushika majembe. Kina mama huzibua mifereji, vijana hubeba mchanga, wazee huchangisha fedha za mbao za kivuko. Kazi ikiisha, kiongozi hufika, hupigwa picha, hugawa fulana na bahasha, kisha huondoka. Tendo hilo huitwa kuunga mkono vyama vya mtaa. Sisi tunaliita kuvinunua.

Kisenge yetu inaijua hasara ya kungojea mkono wa mwingine. Manganizi yake ilikuwa ikisafiri kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoifunga njia hiyo mwaka 1975, kila kilichoutegemea mgodi kilitetereka. Katika hali kama hiyo, jirani hubaki na jirani. Ndiyo maana chama cha mtaa si pambo la siku ya sherehe.

Basi, utawala wa mahali petu ufanye nini? Kwanza, uonyeshe hesabu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu ambamo madini yanachimbwa. Fungu hilo la mwisho ni la wananchi. Kila ofisi inayolipokea ibandike ukutani kiasi kilichoingia na kazi iliyofanyika, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaisoma.

Pili, uvitambue vyama. Tunaambiwa: «Hamna karatasi.» Ni kweli, kwa sheria ya mwaka 2001, utu wa kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, naye yuko Kinshasa. Kikundi cha kina mama ishirini kitafikaje huko? Lakini hakuna kinachomzuia mkuu wa sekta kufungua daftari la vyama, bila malipo, na kuvipa barua, chumba cha mkutano na majembe ya kuazima.

Tatu, uvisikilize kabla ya kupanga bajeti, si baada ya kuitangaza. Anayekanyaga tope kila asubuhi ndiye anayejua daraja linahitajika wapi. Papa Pius wa Kumi na Moja alifundisha mwaka 1931 kwamba ni kosa kwa mamlaka kubwa kujitwalia kazi ambayo jumuiya ndogo inaiweza; wajibu wake ni kuisaidia. Kuisaidia, hatukusikia kuimeza.

Watasema tunaleta siasa kanisani. Je, kuuliza fedha ya maji ya watoto wetu imekwenda wapi ni dhambi? Dhambi ni kujua na kunyamaza kwa sababu ya fulana.

Hata hivyo, tusitazame kibanzi jichoni mwa mkuu wa mtaa na kuisahau boriti yetu. Ni vikundi vingapi vya vijana ambavyo mweka hazina wake hajasoma hesabu mbele ya wenzake mwaka mzima? Tufungue kwanza daftari letu, tulisome hadharani, tulisahihishe. Kisha twende ofisini pamoja, tukiwa nalo mkononi, tuseme: «Hili ni letu. Tuonyesheni na lenu.»