Jicho la Mbuzi wa Mfanyakazi



Wapo watakaocheka wakisoma kichwa cha habari hii. Watasema: mchuma chai hana miwani yake mwenyewe, mkimbizi wa Nakivale amepunguziwa mgao wa chakula, na leo gazeti la chama linatuletea habari za macho ya mbuzi na mbwa! Wacheke kwanza, kisha wasome hadi mwisho.

Yafaa ieleweke kwamba mfanyakazi wa Mbarara na Isingiro haishi kwa mshahara peke yake. Mshahara huisha kabla ya mwezi. Kinachobaki ni mbuzi wawili watatu nyuma ya nyumba, na kwa mwenye bahati, ng'ombe mmoja aliyeachwa kijijini kwa ndugu. Mbuzi huyo ndiye benki. Karo ikidaiwa, huuzwa yeye. Mama akijifungua kwa shida, huuzwa yeye. Huko Nakivale, makazi yaliyoanza mwaka 1958 na ambayo leo yana zaidi ya watu laki moja na nusu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, hali ni hiyo hiyo, na wengi wao ndio vibarua wa mashamba ya jirani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Basi ni wenzetu.

Sasa mtazame mbuzi huyo wakati wa kiangazi, vumbi likitimka na nzi wakijaa. Jicho linaanza kutoa machozi. Mnyama analifumba, anakimbia jua. Baada ya siku chache kioo cha jicho kinakuwa cheupe kama kimemwagiwa maziwa, na asipotibiwa kinaweza kuchimbika na hata kupasuka. Kwa ng'ombe, mkosaji mkubwa ni kijidudu kiitwacho Moraxella bovis. Mbuzi na kondoo wana vijidudu vyao vingine. Nzi huvibeba kutoka jicho hadi jicho, na majani makavu yanayochoma macho huvifungulia mlango. Mbuzi kipofu haoni malisho, anakonda, na sokoni mnunuzi anamtazama usoni kwanza kabla ya kutaja bei.

Na dawa ipo! Hilo ndilo linalouma. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini, yale yale ambayo zahanati huwapaka watoto wenye vikope, humsaidia mnyama pia, kama yakipakwa mapema na kurudiwa kila siku. Kwa ng'ombe ipo sindano ya oksitetrasaiklini. Atengwe na wenzake, akae kivulini, nzi wapunguzwe. Lakini kwa kukosa wa kuwaelekeza, watu wetu hutia jichoni chumvi, maji ya tumbaku, na majani wasiyoyajua vizuri. Wengine hununua dukani dawa yoyote ya matone, na humo mna zile zenye deksamethazoni. Dawa hiyo ikitiwa kwenye jicho lenye kidonda, kidonda hula zaidi. Mwenye duka hakusema, kwa sababu naye hakufundishwa.

Wenzetu wa viwanda vya maziwa mjini Mbarara wanaijua habari hii kwa upande mwingine. Ng'ombe akichomwa sindano hiyo, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Yakiingia kwenye pipa, mtindi haugandi, na kazi ya siku nzima humwagwa. Kisha lawama humwangukia nani? Mkamuaji.

Tuje kwa mbwa. Najua katika nyumba nyingi mbwa hana heshima, na wengine dini yao haiwaruhusu kumkaribisha ndani. Hata hivyo askari wa zamu ya usiku anayelinda ghala anajua thamani yake. Mbwa huyo akitemewa mate ya swila machoni, asipooshwa papo hapo kwa maji mengi safi anaweza kupofuka, na askari hubaki peke yake gizani. Macho yake yakijaa usaha pamoja na homa na kikohozi, huenda ni ugonjwa wa distempa, ambao una chanjo. Mbwa wa ulinzi ni mfanyakazi asiye na kadi ya chama.

Huko Marekani mabingwa wa macho ya wanyama waliunda chuo chao mwaka 1970, na leo mtoto wa jicho wa mbwa huondolewa kwa mtambo wa mawimbi ya sauti. Siwaonei wivu, wala sidai mtambo huo uletwe Juru au Rubondo. Lakini wale wasemao kwamba ubingwa wa macho hauwezi kukaa Mbarara wameisahau Ruharo. Pale, katika hospitali ya misheni ya Kanisa la Uganda, kuna kituo cha macho ya binadamu kinachowatibu hata watoto wenye kansa ya jicho. Kilichowezekana kwa binadamu, kwa kiwango kidogo, chawezekana kwa mifugo. Makerere imekuwa ikifundisha madaktari wa mifugo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wasomi tunao.

Tatizo lilianzia pengine. Katika miaka ya 1990 serikali, kwa ushauri wa wakopeshaji wa nje, iliamua kwamba kumtibu mnyama mmoja mmoja ni shauri la mwenye mnyama na mfuko wake. Serikali ikabaki na magonjwa makubwa ya milipuko. Kwa tajiri mwenye mamia ya ng'ombe, sawa, atampigia daktari simu. Kwa kibarua mwenye mbuzi watatu, nauli ya daktari kutoka Mbarara yaweza kumeza bei ya mbuzi mmoja. Kwa hiyo hamwiti, na jicho linapotea.

Halafu kuna jicho ambalo ni letu kabisa. Nani ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe? Ni kibarua, bomba mgongoni, bila miwani, upepo ukimrudishia dawa usoni. Katika nchi ya Ankole kupe wamezizoea dawa nyingi, na baadhi ya wenye ng'ombe wamefikia kuchanganya dawa mbili, au kutumia sumu ya mimea. Mchanganyiko huo ukimwunguza ng'ombe macho, hautabagua ya mtu. Na ng'ombe akipata chongo, mchungaji ndiye anayetishiwa kukatwa mshahara! Ieleweke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato, na mwajiri hakati apendavyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamdai mwajiri atoe vifaa vya kinga. Miwani ya kunyunyizia ni kifaa cha kinga, wala si zawadi ya Krismasi.

Kwa hiyo napendekeza mambo haya yaingie katika mapatano yetu yajayo na waajiri wa mashamba ya mifugo. Miwani na glavu kwa kila anayeshika bomba. Pasiwe na mchanganyiko wa dawa bila amri ya daktari wa mifugo iliyoandikwa. Na daktari huyo, siku anapokuja kuwaona ng'ombe wa mwajiri, aruhusiwe saa moja ya kuwatazama wanyama wa wafanyakazi wanaoishi hapo shambani, gharama ikiwa juu ya shamba. Kwa wilaya ya Isingiro tudai siku maalumu ya mifugo Nakivale, kila mwezi, mafuta ya macho yakiwemo. Matawi yaanze sasa kuandika hesabu: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, na watu wangapi walioumia macho tangu mwaka uanze. Orodha ifike kwa katibu wa tawi kabla ya kikao.