Seva isipokelewe kabla ya kusoma fstab

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, gridi ya taifa ya Tanzania ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikabaki gizani. Hapa Somanda, mjini Bariadi, umeme kukatika si habari. Habari ni kinachokutwa kwenye diski umeme ukirudi, hasa sikukuu, ofisi zikiwa zimefungwa na seva imejiwasha yenyewe.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika, na shukrani ziende kwa ext4. Mfumo huu wa faili hufanya kazi kama karani makini wa pamba: huandika kwanza kwenye daftari la pembeni anachotaka kubadilisha, ndipo aiguse leja. Umeme ukikatika, daftari linasomwa. Kilichoandikwa kikakamilika kinamaliziwa, kilichoishia njiani kinatupwa. Ila kwa mpangilio wa kawaida, data=ordered, daftari hubeba taarifa za kupanga faili tu, si yaliyomo ndani yake.

Tatizo letu ni fundi mwenye haraka. Akiambiwa mashine ni nzito, anafungua /etc/fstab, faili linalopanga jinsi diski zinavyounganishwa seva ikiwaka, anaweka data=writeback na kuzima barrier. Kasi inaongezeka kidogo, kila mtu anafurahi. Umeme ukikatika, faili jipya linaweza kuibuka limebeba mabaki ya faili jingine lililofutwa zamani. Kwenye seva ya hospitali, mabaki hayo yanaweza kuwa vipimo vya mgonjwa mwingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 1, 2023. Barrier nayo ndiyo inayohakikisha daftari linafika kwenye diski kabla ya leja. Izimwe tu pale kidhibiti cha diski kina betri yake.

Wapo wanaokimbilia data=journal, kila kitu kiandikwe mara mbili. Hatuwaungi mkono. Hifadhidata kama PostgreSQL ina daftari lake tayari; data=ordered inatosha. Hela ya ziada inunue UPS.

Upande wa wavamizi ni rahisi zaidi, na ndio unaopuuzwa zaidi. Mtu akipenya kupitia tovuti, hutafuta mahali popote panapoandikika aweke programu yake. Mara nyingi ni /tmp. Sehemu hiyo, pamoja na /var/tmp na /dev/shm, ziwekewe kwenye fstab nodev, nosuid na noexec, hii ya mwisho ikizuia programu kuendeshwa kutoka humo. Tusidanganyane: noexec haizuii hati inayoendeshwa kwa kuita bash moja kwa moja. Inazuia mengi, si yote. Pia baadhi ya programu hugoma kusakinishwa noexec ikiwa imewashwa. Fundi anaiondoa kwa muda, anasahau kuirudisha.

Kwa hiyo halmashauri, vituo vya afya na vyama vyetu vya ushirika wa mazao (AMCOS), siku ya makabidhiano ombeni kuoneshwa /etc/fstab. Kisha fundi aandike amri ya findmnt mbele yenu, kwa sababu kilichoandikwa kwenye fstab na kinachotumika kwenye mashine huweza kutofautiana. Mwisho aizime na kuiwasha seva mkiwa mmesimama hapo hapo. Mstari mmoja wa fstab ukikosewa, mashine inaweza kugoma kuwaka, na mtakapogundua, fundi mwenyewe atakuwa keshapanda basi la Mwanza. Ikiwaka, ankara yake isainiwe.